Mwanangu, mayai ya Pasaka yanunuliwe mapema

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nimefurahi sana kusikia kwamba mwaka huu kanisani wamekukabidhi mayai ya watoto wa shule ya Jumapili, sitini kamili, ya kugawiwa baada ya ibada ya Pasaka. Umeniuliza jambo moja tu: yachemshwe dakika ngapi. Nitakujibu, ila dakika ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kilichonifanya nikae chini niandike ni jambo jingine, ambalo ukilisikia Jumamosi jioni utakuwa umeshachelewa.

Nunua mayai sasa hivi. Usingoje wiki yenyewe ya Pasaka.

Najua utashangaa, maana nimekulea nikikuambia kwamba yai zuri ni yai jipya. Kwa kukaanga ni kweli. Kwa kuchemsha na kumenya ni kinyume chake, na nililijua hilo kwa machungu. Pasaka moja, wewe ukiwa bado hujaanza shule, nililetewa mayai yaliyotagwa asubuhi ile ile, mengine yakiwa bado na uvuguvugu wa kuku. Nikaona nimepata bahati. Nikayachemsha yote, nikavuta beseni, nikaanza kumenya. Kila kipande cha ganda, hata kikiwa kidogo kama ukucha, kilibanduka na ute wake. Nilijaribu taratibu, nikajaribu haraka, nikajaribu kwa ncha ya kijiko. Yai likitoka mkononi mwangu lina mashimo pande zote na kiini kinachungulia. Kati ya mayai thelathini, yaliyotoka mazima hayakufika matano. Yaliyobaki niliyaponda na kuyachanganya na viazi, watoto wakala wakashiba. Lakini walikuwa wameahidiwa yai zima la kushika mkononi, kila mtu lake, na nyuso zao zile sijazisahau.

Sababu yake niliifahamu baadaye. Yai likitagwa, ute wake huwa umebeba hewa ya ukaa, na hewa hiyo huuzuia usiwe na alkali nyingi. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikipanda alkali nayo imezidi, ute wa yai la leo huwa karibu na 7.6. Sasa, ganda la yai lina maelfu ya vitundu ambavyo macho hayavioni. Kupitia vitundu hivyo hewa hutoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi pH ya ute ikapanda kufikia kama 9.2. Ute wa yai jipya ukipikwa huung'ang'ania ule utando mweupe ulio ndani ya ganda. Ute uliokwisha kupumua siku kadhaa huuachia. Halafu kuna maji yanayopungua nayo kupitia vitundu vile vile, na kile kifuko cha hewa kilicho upande butu wa yai hukua. Hicho ndicho kitakachokipa kidole chako mahali pa kuanzia. Siku saba hadi kumi kwenye friji zinatosha kabisa.

Kama hujui mayai uliyouziwa yamekaa muda gani, tumbukiza moja kwenye bakuli la maji baridi. Jipya hulala chini kwa ubavu. La wiki moja au mbili huinua upande wake butu, au husimama wima huku limegusa chini. Hilo ndilo unalolitaka. Likielea juu, mimi siliweki kwenye chakula cha watoto.

Nikiwaza habari hii ya mayai kukaa, huwa nawakumbuka Wakristo wa zamani wa Ulaya. Wakati wa Kwaresima hawakuruhusiwa kula mayai, na kuku hawajui Kwaresima, wanaendelea kutaga. Kwa hiyo mayai yalijaa nyumbani, mengi yakachemshwa ili yasiharibike, na Pasaka ilipofika yakawa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungulia. Waorthodoksi hadi leo hujinyima mayai wakati wa mfungo huo, na yale ya Pasaka huyapaka rangi nyekundu kwa kuikumbuka damu ya Kristo. Wala usiione sitini kuwa nyingi. Hesabu za nyumba ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zinaonyesha mayai 450 yaliyonunuliwa kwa ajili ya Pasaka.

Tuje kwenye jiko. Usiyapike yote kwa mkupuo mmoja hata ukiwa na sufuria kubwa. Mayai yakipandana, ya chini hubeba uzito wa wenzake na kupasuka, na maji yakipokea mayai mengi ya baridi hupoa, yanachukua muda mrefu kutokota tena, hesabu yako ya dakika inavurugika. Pika kumi na mawili kwa awamu, yakiwa yamepangwa safu moja tu. Nunua sitini na sita, yale sita ya ziada ni ya majaribio na ya nyufa. Yatoe kwenye friji kama nusu saa kabla, maana yai baridi sana likiingia kwenye maji ya moto hupasuka upesi.

Maji yatangulie kutokota ndipo yai liingie. Wengi hupanga mayai kwenye maji baridi kisha wanawasha moto. Yanaiva, sikatai, lakini joto linapopanda polepole ute hupata muda wa kushikana na utando. Yai likikutana na maji yanayotokota, ute wa nje huganda mara moja kabla haujashikamana. Nimefanya kwa njia zote mbili miaka mingi, na sirudi tena kwenye maji baridi. Maji yawe mengi, yayafunike mayai na kuzidi kwa upana wa vidole viwili. Shusha yai moja moja kwa upawa hadi liguse chini ya sufuria, usilidondoshe. Kisha punguza moto: maji yaendelee kuchemka kwa utulivu, yasirukeruke na kuyagonganisha mayai.

Sasa swali lako. Dakika kumi na mbili, ukianza kuhesabu tangu yai la mwisho lilipoingia. Dakika saba kiini bado ni laini cha kumwagika. Dakika tisa au kumi kimeshika pembeni, katikati kina unyevu mzito kama asali. Nakiri hapo ndipo yai ni tamu kuliko popote, lakini haya ni ya watoto wadogo na yatakaa kabla ya kuliwa, kwa hiyo kiini kigande kabisa. Usitegemee kukisia. Weka simu ikulilie.

Huko ulikohamia ni mahali pa juu kuliko hapa, na hilo lina maana yake. Kadiri unavyopanda, maji hutokota kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja ya Selsiasi pungufu kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,500 yanatokota kwenye nyuzi kama 95, si 100. Kiini huganda kwenye nyuzi 70 hivi, kwa hiyo kitaiva tu, ila kitachelewa. Ongeza dakika moja au mbili.

Usiongeze zaidi ya hapo kwa kuogopa. Umewahi kuona yai lililochemshwa likawa na pete ya kijani iliyofifia kukizunguka kiini? Watu hudhani limeoza. Halijaoza, wala halimdhuru mtu, limepikwa mno. Ute una salfa, kiini kina madini ya chuma. Moto ukizidi, salfa hutoka kwenye ute ikiwa hewa yenye harufu, inakutana na chuma pale kiini kinapoanzia, na hapo rangi ile inatokea. Yai la namna hiyo ute wake ni mgumu kama mpira na kiini ni kikavu, kinamkwama mtoto kooni.

Ndiyo maana maji ya barafu yawe tayari kabla dakika hazijaisha. Yai likitolewa jikoni bado linaendelea kujipika kwa joto lake lenyewe. Lihamishe papo hapo kwenye beseni la maji na barafu, likae dakika kumi. Maji yakianza kuwa vuguvugu, ongeza barafu. Ubaridi huo hukata uivaji, hupunguza ile pete, na ute husinyaa kidogo ukajitenga na ganda.

Utasikia mengi kuhusu chumvi, siki, magadi na kutoboa ganda kwa pini. Nimeyajaribu. Siki ina faida moja: yai likipata ufa, ute unaovuja huganda upesi, hautapakai sufuria nzima. Kwa kumenya, sijaona kinachoushinda umri wa yai na maji ya moto. Kitu kimoja tu nakupa ruhusa kubadilisha: ukiwa na sufuria ya mvuke, weka maji ya vidole viwili chini, mayai juu, funika, dakika kumi na tatu. Yanamenyeka vizuri vile vile, na nyufa ni chache kwa sababu hayagongani.

Kumenya kwenyewe nataka ulione kama uko hapa nami. Shika yai lililopoa, gonga upande butu kwenye meza, utasikia mlio wa uwazi, kile kifuko cha hewa. Kisha lilaze, weka kiganja juu yake, ulisukume mbele na nyuma kwa uzito wa mkono tu, mpaka ganda lote livunjike vipande vidogo kama udongo uliokauka kwa jua. Rudi upande butu. Bana kwa ncha ya kidole gumba, tafuta ule utando. Ukimenya ganda tu ukauacha utando, utahangaika. Ukiushika utando, ganda lote linaufuata kama utepe. Fanya hivyo ndani ya maji, yaingie chini ya utando na kuoshea vipande. Yai linabaki mkononi jeupe, linang'aa, baridi, lina utelezi kidogo. Sijui kazi nyingine ya jikoni inayonipa raha kama hiyo.

Lakini mayai ya watoto wako usiyamenye wewe. Acha ganda, uyatie rangi, na kila mtoto amenye lake. Maganda makavu ya vitunguu yachemshe nusu saa, yanatoa rangi nzuri ya kahawia inayoelekea wekundu. Manjano yanatoa njano. Kabichi ya zambarau, usistaajabu, inatoa buluu. Chuja, acha ipoe, tia kijiko kimoja cha siki kwa kila kikombe, kwa maana siki huisaidia rangi kulishika ganda. Tumbukiza mayai makavu yaliyopoa, weka friji usiku kucha. Asubuhi yaache yakauke, uyafute kwa tone la mafuta ya kula kwenye kitambaa. Yale ya ganda la kahawia hutoka na rangi nzito iliyotulia. Ukitaka buluu safi, tafuta ya ganda jeupe. Rangi za chakula za dukani nazo zinafaa, mradi iwe imeandikwa kwamba ni za chakula.

Kuna wanaokushauri uyalaze mayai kwa ubavu usiku mzima ili kiini kikae katikati. Hilo ni la mayai ya kukatwa nusu na kupambwa sahanini. Haya usijisumbue.

Hapa naomba unisikilize kama mama. Yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi, kwa sababu lile tabaka jembamba la nje linalolilinda ganda limekwisha ondoka. Chemsha Ijumaa Kuu usiku au Jumamosi, yakipoa yaingie friji, yatoke asubuhi ya Jumapili. Nje ya friji yasikae zaidi ya muda wa saa mbili, na kukiwa na joto kali yasizidi muda wa saa moja. Wakitaka kuyaficha bustanini watoto wayatafute, yafichwe ibada ikikaribia kwisha, yahesabiwe yakifichwa na yahesabiwe yakipatikana. Lililopasuka na kugusa udongo lisiliwe. Yatakayobaki yanakaa friji wiki moja, na ganda lake. Yakichanganyika na mabichi, lizungushe yai mezani kama pia: lililoiva linazunguka sawasawa, bichi linayumba na kuchoka upesi.

Ukitoa awamu ya kwanza, usiendelee na ya pili kabla hujachukua moja, ukalipoza, ukalikata katikati. Kiini kiwe cha njano iliyopauka kote. Ukiona katikati pana doa lenye unyevu, la rangi iliyokoza, huko juu kwenu kunahitaji dakika moja zaidi. Lipige picha unitumie. Siku hiyo nitakuwa macho hadi saa nne usiku.

Mama yako akupendaye.