Kabla hujapanda Montségur

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi. Kwa kuwa safari ya Toulouse imeiva na Montségur, ngome ya mlimani kusini mwa Ufaransa, umeitengea siku nzima, kuna jambo ulijue kabla hujatoa kamera: kuta zinazosimama pale leo si za Wakathari, wale Wakristo ambao Kanisa Katoliki liliwaita wazushi. Ngome yao aliijenga upya Raymond de Péreille, bwana wa eneo hilo, mwaka 1204, kwa ombi la viongozi wao, juu ya mwamba wa mita 1,207. Kilikuwa kijiji kizima, nyumba zimebanana kwenye vidato vya mwamba, na mwaka 1232 kikawa makao makuu ya kanisa lao. Baada ya kuanguka, mabwana wapya wa ukoo wa Lévis ndio waliojenga hii tunayoiona. Ukitaka Wakathari, toka nje ya ukuta upande wa kaskazini, uitazame misingi ile mifupi ya mawe ambayo wageni wengi huipita.

Kwa hiyo ukisikia kwamba jua la Juni hupenya matundu ya mnara kwa siri ya kidini, kumbuka mnara huo ulijengwa baada ya Wakathari.

Chanzo cha maafa ni Mei 1242: watu wa ngome walishuka hadi Avignonet wakawaua wapelelezi wa Kanisa Katoliki waliokuwa wakiwasaka wazushi. Mei 1243 likaja jeshi la mfalme wa Ufaransa, likiongozwa na Hugues des Arcis, kuizingira ngome. Miezi ikapita bure, maana mlima ule ni mpana kuuzunguka wote, na usiku chakula na watu walipenya. Mambo yaligeuka majira ya baridi, wapanda milima walipoparamia gizani genge la mashariki na kuiteka Roc de la Tour, kituo cha ulinzi cha upande huo. Hapo ukapandishwa mtambo wa kurushia mawe, ukasogezwa kidogo kidogo juu ya mgongo wa mlima hadi nyumba zikawa ndani ya shabaha.

Walisalimu amri tarehe 2 Machi 1244, wakapewa wiki mbili. Askari wangeachiwa, Mkathari asiyeikana imani angechomwa. Katika siku hizo watu kama ishirini, baadhi yao askari ambao wangeweza kwenda zao, waliomba kuwekewa mikono, ndiyo sakramenti yao. Tarehe 16 walichomwa zaidi ya 200, akiwemo Corba, mke wa Raymond, na binti yao Esclarmonde. Yule Esclarmonde wa Foix, anayesimuliwa kugeuka njiwa, ni mwingine, wa kizazi kilichotangulia.

Ama hazina ya Wakathari inayosimuliwa sana, hiyo ipo kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya wapelelezi: dhahabu, fedha na sarafu, zilizotoroshwa karibu na Krismasi ya 1243. Kikombe kitakatifu, kile kinachosemwa Yesu alikitumia kwenye karamu ya mwisho, hakitajwi na shahidi hata mmoja. Kilibandikwa na waandishi wa zama zetu, Mjerumani Otto Rahn akiwa mbele miaka ya 1930.

Kupanda ni kama nusu saa, kwa mwinuko mkali. Vaa viatu vyenye meno, maana mawe ya chokaa yakilowa huteleza, hasa wakati wa kushuka. Njiani utapita nguzo ya ukumbusho ya 1960, kwenye uwanda unaoitwa wa Waliochomwa. Jumba la makumbusho liko kijijini chini. Lianze hilo, ndipo misingi ya kule juu itakusemesha.

Wako,
Rashidi