Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Hisa zinaendelea kununuliwa na kamati ya mikopo imekutana kama katiba inavyotaka. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililozua maneno mengi: kufuta safu za tarehe zilizokuwa zikijazwa kwa mkono kwenye kanzidata yetu, yaani kumbukumbu za chama zilizo kwenye kompyuta.

Waliosikia kwamba "tarehe ya mwisho wa mkopo" imeondolewa walishtuka, na sishangai. Lakini haikupotea. Ukishajua mkopo umetoka lini na ni wa miezi mingapi, mwisho wake umeshaujua. Kuuandika tena pembeni ni kukaribisha ugomvi. Mwaka huu mwanachama mmoja aliongezewa muda kutoka miezi 12 hadi 18. Miezi ikabadilishwa, tarehe ikasahauliwa, na mdhamini wake akapigiwa simu kuambiwa mshahara wake utakatwa, kwa deni ambalo hata halijaiva. Sasa tarehe hiyo haiguswi na mtu: miezi ikibadilika, yenyewe inasogea.

Safu ya umri nayo ilijazwa siku mtu anapojiunga, basi. Wapo waliobaki na miaka 34 tangu 2016, na sijasikia hata mmoja akilalamika. Ila mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na kamati lazima ijue kama mkopo utakwisha kabla ya siku hiyo. Tunatunza tarehe ya kuzaliwa tu. PostgreSQL, programu ya kanzidata tunayotumia, ina safu zinazojikokotoa tangu toleo la 12 la mwaka 2019, lakini fomula zake hazikubali "leo", maana leo hubadilika kila kukicha. Kwa hiyo umri na siku za kuchelewa hukokotolewa pale ripoti inapofunguliwa.

Kilichotukalisha hadi jioni ni mwisho wa mwezi. Chukueni mkopo wa miezi 6 uliotolewa 31 Agosti 2024. Rejesho la kwanza ni 30 Septemba, kwa kuwa Septemba haina 31. La pili je? Ukihesabu kuanzia rejesho lililotangulia ni 30 Oktoba; ukihesabu kuanzia siku mkopo ulipotoka ni 31 Oktoba. Siku moja tu, lakini ndiyo inayoamua kama mtu anatozwa faini. Tena kwa mkopo mrefu, njia ya kwanza ikishapita Februari 2025 inanasa kwenye tarehe 28 moja kwa moja. Tumekubaliana kila rejesho lihesabiwe kuanzia siku ya kutolewa mkopo.

Si kila tarehe inakokotoleka. Siku pesa ilipopokelewa ni tukio. Itaandikwa na itabaki. Muda uliokubaliwa kwenye mkataba nao unatunzwa pamoja na mkopo wenyewe, ili mkutano huu ukibadilisha masharti leo, mikopo ya zamani isiyumbe. Na rejesho likiangukia sikukuu linasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata: Muungano ni 26 Aprili kila mwaka, Pasaka ina kanuni yake, lakini Idd inasubiri mwezi uandame. Hiyo katibu ataiingiza kwa mkono ikishatangazwa, na hakuna programu itakayomsaidia.

Limebaki ombi. Rejista ya zamani ina watu wengi mno waliozaliwa 1 Januari. Inaelekea karani alikuwa na mwaka tu, siku akaijaza mwenyewe. Ukokotoaji wote wa kustaafu unategemea tarehe hiyo. Piteni kwa katibu mkague karatasi zenu, na ambaye tarehe yake si sahihi alete cheti cha kuzaliwa kabla ya kuomba mkopo mwingine.