Mwanangu, kabla hatujanunua kadi ya grafiksi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, tena mara mbili, unataka kadi mpya ya grafiksi maana gemu inakwama kwama na wenzako wanacheza freshi tu. Sijakataa. Ila hujaniambia inakwamaje, na hapo ndo kwenye kazi, kwa sababu kukwama kuko kwa aina nyingi na kila aina ina mwenyewe.

Hebu anza hapa. Gemu ni fremu, picha moja moja zinazopita haraka. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kompyuta inapata kama milisekunde 16.7 kumaliza kila fremu, ukitaka 144 inapata hata 7 hazifiki, na ndani ya hako kamuda prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inahesabu nani yuko wapi, risasi imempata nani, adui anakimbilia upande gani, alafu inaipa kadi oda ya kuchora, kadi ndo inaweka maumbo, rangi, vivuli, mwanga na mambo yote unayoyasifia. Sasa prosesa ni kama saidia fundi na kadi ndo fundi, saidia fundi akichelewa kuleta udongo, fundi hata awe bingwa vipi atasimama tu kashika mwiko. Ndo maana kuna watu wananunua kadi ya bei mbaya alafu FPS (fremu kwa sekunde) haziongezeki, wanabaki kulaumu kadi.

Kujua nani anachelewesha hakuhitaji hela. Ingia kwenye setingi za gemu, shusha resolusheni, yaani idadi ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, toka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720, usiguse kingine, simama sehemu ile ile ya gemu uangalie FPS. Zikipanda sana, kadi ndo ilikuwa imezidiwa. Zikibaki pale pale na gemu haijawekewa kikomo cha FPS, mara nyingi shida iko kwa prosesa, na hiyo kadi unayoililia haitakusaidia sana. Sababu ni kwamba 1080 ina pikseli kama milioni 2, ile 720 haifiki hata nusu yake, na 4K ina mara nne ya 1080, na huo mzigo wa pikseli unabebwa na kadi, prosesa yenyewe haijali sana skrini yako ina ukubwa gani, wachezaji ni wale wale na risasi ni zile zile. Kwa hiyo kama FPS zinashuka ukiingia mjini kwenye watu wengi au vita ikikolea, mi namshuku prosesa kwanza. Na usidanganyike ukiona prosesa inatumika asilimia 40 tu, ina kori kadhaa ndani, kama wafanyakazi wanaogawana kazi, na gemu nyingi zinaitwisha kori moja kazi kubwa, hiyo moja inaweza kuwa imejaa pomoni wakati wastani unaonekana mzuri. Kadi ndo rahisi kuisoma, ikikaa asilimia 97 au 99 muda wote ujue hapo ndo inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Kuna ile nyingine ambayo FPS zinasoma 60 vizuri kabisa lakini kila mara gemu inashtuka, inaganda kidogo inaendelea. Wastani ni muongo hapo. Fremu moja ikichukua milisekunde 200 jicho linaiona hata kama nyingine zote zimepita sawa. Inaweza kuwa kumbukumbu. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski hata iwe SSD, ile aina ya kasi, ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM (we unaacha brauza na tabu zote wazi unaingia kwenye gemu, nakujua). Kadi nayo ina kumbukumbu yake, ukiweka tekscha (picha zinazovalishwa kuta, nguo na vitu vingine) za juu kabisa kwenye kadi yenye nafasi ndogo vitu vinaanza kuhamishwa huku na huku katikati ya mchezo. Shusha tekscha hatua moja tu uone. SSD nayo watu wanaikuza, itafupisha kusubiri gemu ifunguke na itasaidia gemu za ramani kubwa zinazopakia vitu ukiwa unatembea, ila kukutoa fremu 40 kukupeleka 80, hapana. RAM mbili zinazofanya kazi pamoja zinapitisha data nyingi kuliko moja yenye ukubwa ule ule, na tofauti inaonekana zaidi kwenye mashine isiyo na kadi yake, maana grafiksi za ndani zinakula RAM hiyo hiyo.

Alafu joto. Ikiwa gemu inaanza vizuri na baada ya muda inazidi kuwa nzito, mara nyingi chipu, ya prosesa au ya kadi, imepata moto na imejipunguza spidi yenyewe isiungue. Angalia vumbi kwenye feni. Na wale wanaochezea kwenye laptopu wakiiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa yote! Laptopu ikitumia betri pia inabana umeme na gemu inashuka, chomeka chaja.

Vingine ni vya bure kabisa ila watu hawaviangalii. Skrini inayoweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde iliyoachwa kwenye 60 ndani ya setingi za Windows. Waya wa skrini uliochomekwa kwenye motherboard (ile bodi kuu ya kompyuta) badala ya kwenye kadi, hapo kadi yako inaweza kuwa imelala tu. Na kama maadui wanaruka ruka, wanatokea huku mara kule, lakini FPS hazijashuka, hiyo ni intaneti, tusiichanganye na kifaa.

Basi nifanyie hivi wikendi hii, fanya lile jaribio la resolusheni, alafu nitumie FPS kabla na baada, asilimia ya kadi, joto la kadi na la prosesa baada ya kucheza nusu saa, na RAM inayotumika. Kama ni kadi kweli tutaongea bei, ila na lebo ya power saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, ipige picha pia unitumie, maana kadi kubwa inataka wati za kutosha na ikikosa kompyuta inaweza kuzima katikati ya mechi. Na upime urefu wa nafasi iliyopo ndani ya kesi, zima umeme kwanza ndo ufungue.

Baba yako