Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: dira ya gati letu la maji imekufa tena

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam kutoka huku kaskazini mwa Ujiji, ambako milima inateremka hadi ziwani na mnara wa simu uko upande wa pili wa mlima.

Jumanne alfajiri dira (mita) ya malipo ya kabla kwenye gati letu la maji, pale wanakijiji wanapochota, ilizima. Mara ya tatu. Maji yamo bombani, watu wameshalipia tokeni, lakini dira haifungui kwa sababu betri imekwisha. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo matusi yote yalinishukia mimi. Mara mbili nimetoa nauli ya boti mfukoni mwangu kumfuata fundi. Hela hiyo ilikuwa ya madaftari ya mwanangu.

Nakumbusha tu: siku ya uzinduzi, chini ya turubai, ulituambia betri hizi ni za miaka kumi. Hii ya mwisho haikumaliza miezi mitano. Labda miaka ya ofisini ni mifupi.

Mpwa wangu anasomea mawasiliano ya simu. Anasema dira ina laini kama simu, na kinachokula betri ni kutuma taarifa. Miaka kumi hupatikana kifaa kikilala karibu siku nzima, kikaamka, kikatuma, kikalala tena. Penye mtandao hafifu hurudia ujumbe uleule. Kwa NB-IoT, yaani mtandao wa simu wa vifaa vidogo vya betri kama dira, hata mara 128. Sasa fundi wenu mwenyewe aliniambia dira zote zimewekwa kutuma saa sita kamili usiku. Zote! Kama mitumbwi yote ya dagaa kugombea mwalo mmoja. Zinagongana, zinakosa nafasi, zinajaribu tena, na yetu iliyojificha nyuma ya mlima ndiyo inayohangaika zaidi. Nahisi betri inaishia hapo. Kipimo sina, nina dira iliyokufa.

Zipangieni zamu. Kila dira na dakika yake. Amri hiyo hutumwa kutoka hapo mezani kwenu, dira ikiamka inaipokea. Haihitaji gari wala posho ya safari.

Watoto wamerudi kuchota ziwani. Aliyeiona Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka wa Burundi, mwaka 2015 haelezwi kipindupindu ni nini.

Zamu, Mheshimiwa. Na betri kabla ya Ijumaa. Kama zamu ni ngumu, basi betri tu. Nauli ya boti ya fundi nitatoa tena.

Msimamizi wa gati