Shukrani za familia ya marehemu Fundi, Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, mjenzi wa nyumba za mawe, ambaye mji mzima ulimwita Fundi hata waliomzidi umri, tunawashukuru nyote mliokuja kutuhani. Baba alirejea kwa Mola wake usiku wa kuamkia Ijumaa, akaswaliwa baada ya swala ya Ijumaa. Mabaharia mliovusha jamaa zetu kutoka Mokowe mkakataa nauli, mliochimba kaburi, mliotusomea dua, akina mama mliokesha jikoni: Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Vijana mliochukua jeneza tunawataja peke yenu. Vichochoro vyetu mnavijua. Pale penye kona tatu zinazofuatana, jeneza lilipita bila kugusa ukuta. Kona zile alizikata baba mwenyewe, akazizungusha hadi urefu wa bega, ili punda mwenye shehena asikwaruze. Hatukuwahi kufikiri kwamba naye angepitishwa hapo.

Tuna deni pia kwa majirani zetu wa ng'ambo ya njia. Siku tatu walituachia nyumba yao na wikio lao, kile chumba cha juu kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili, wanawake wakapita juu kwa juu, nyumba hii hadi nyumba ile, bila kushuka njiani kwenye umati wa wanaume. Wikio lile lilikuwa limeoza boriti, na miaka michache baada ya uhuru wa 1963 kuna waliotaka livunjwe. Baba alilitengeneza kwa nusu ya ujira. Alisema nyumba za Lamu hazijengwi moja moja.

Baba hakuwa na cheti wala hakuchora ramani kwenye karatasi. Alianza utotoni, miaka ya 1940, akibeba mawe ya matumbawe yaliyoletwa kwa majahazi kutoka kisiwa cha Manda. Kipimo chake kilikuwa boriti ya mkoko. Boriti haivuki zaidi ya meta tatu hivi ikabeba sakafu ya mawe na chokaa, basi chumba kikawa chembamba na kirefu, na nyumba ikapangika yenyewe: daka la mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda (yaani ua wa ndani), kisha msana unaoelekea ua huo, ndani, na nyumba kati, chumba cha nyuma kabisa. Mlango hakuuelekeza moja kwa moja kiwandani. Mpita njia asimwone mke wa mtu akisuka mkeka, hilo kwake lilikuwa sharti la kwanza la ujenzi, kabla ya kivuli na kabla ya upepo.

Msanifu majengo Usam Ghaidan alipozichunguza nyumba zetu miaka ya 1970, wasomi wa mbali walianza kuziona kwa jicho jingine, na baba alimheshimu sana kwa hilo. UNESCO ilipoutia mji wetu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, alifurahi, kisha akauliza chokaa itachomwa na nani. Lilimuuma jambo hilo. Simiti ilikuwa imeingia kila mahali, watu wakiipaka juu ya kuta za matumbawe kwa haraka. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya chumvi na hutaka kuyatoa. Ukizibwa na simiti, chumvi hubaki ndani, na plasta hubambuka vipande vipande. Ametembea nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu hivyo, mara nyingine bila kukaribishwa. Ikiwa kuna mtu ambaye baba alimsema vikali juu ya ukuta wake, tunaomba amuwie radhi.

Alioshwa katika nyumba kati ya nyumba yetu, ambako kwa desturi ndiko watoto huzaliwa na maiti huoshwa. Zidaka, vishubaka vya ukuta ule, alizichonga yeye, kwa kisu na subira, mwaka aliomuoa mama. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akimwagia maji alishindwa, akasimama akizitazama zile zidaka, mwingine akalipokea kopo. Walioosha, tunawashukuru kwa kutuvumilia.

Mama anakaa eda na anawasalimu. Khitma itasomwa nyumbani Alhamisi baada ya Maghribi, wanaume kiwandani na madakani, wanawake juu.

Mwenye kumdai baba, iwe pesa au kazi aliyoipokea malipo akawa hajaimaliza, atuone sisi wanawe. Mbili tunazijua: ukuta wa msana kule Langoni, uliobakia mkono wa mwisho wa plasta, na birika la Shela, tangi la maji la nyumbani lililokuwa likivuja, ambalo mwenye nyumba ameshaondoa samaki wake wa kula viluwiluwi vya mbu akawaweka kwenye ndoo. Tutazimaliza zote mbili. Chokaa aliyoizima baba kwa maji kabla ya Ramadhani bado imo shimoni, imeiva, na inatosha.