Tovuti mpya: panga hifadhidata kwanza, lugha itafuata

Wateja wengi wanaotaka tovuti mpya huanza kwa kuuliza itaandikwa kwa lugha gani. Sisi huwauliza kwanza tovuti itatunza taarifa gani. Lugha inaweza kubadilishwa siku tovuti ikiandikwa upya, lakini oda, malipo na akaunti za wateja zitahamia kwenye tovuti iliyoandikwa upya, pamoja na kasoro zote za mpangilio wa siku ya kwanza.

Kama unahitaji kurasa chache tu za maelezo, picha na namba ya simu, huhitaji hifadhidata, yaani programu ya kutunza na kupanga taarifa. Faili za HTML (kurasa zilizoandikwa tayari) zinatosha, zinafunguka haraka na hazina mengi ya kudukuliwa.

Ukishaingiza oda na malipo, chukua hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL. Kupunguza bidhaa stoo na kuandika oda ni lazima vifanikiwe vyote viwili, au visifanyike kabisa, hata umeme ukikatika katikati. Hifadhidata hizi zinalimudu hilo, ila kwenye MySQL hakikisha majedwali ni ya aina iitwayo InnoDB. Yale ya aina ya zamani, MyISAM, hayana uwezo huo. SQLite, ambayo hifadhidata yake nzima ni faili moja, inafaa tovuti ndogo inayosomwa zaidi kuliko kuandikwa. Inaruhusu mwandikaji mmoja tu kwa wakati, hivyo oda zikimiminika kwa pamoja, baadhi zitasubiri na nyingine zitarudishiwa kosa. MongoDB, hifadhidata isiyotumia majedwali, husifiwa kwa bidhaa zenye sifa zisizofanana, lakini PostgreSQL nayo huhifadhi taarifa za namna hiyo katika safuwima ya jsonb (aina inayopokea taarifa zenye maumbo tofauti), na kwa duka la kawaida tungebaki na PostgreSQL.

Madhara makubwa tunayoyaona hutokana na aina za safuwima. Bei ikiwekwa kama FLOAT (namba ya desimali ya makadirio), hesabu hazitalingana: iambie lugha kama Python au JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakupa 0.30000000000000004. Tumia DECIMAL(12,2), inayotunza desimali mbili kamili. Namba ya simu ikiwekwa kama INT (namba nzima), sifuri ya mwanzo inapotea, na chochote kinachozidi 2,147,483,647 kinakataliwa au kinageuzwa. Iweke kama maandishi, VARCHAR(20) inatosha. Kwenye MySQL chagua utf8mb4 kuwa namna ya kuhifadhi herufi, kwa kuwa utf8 ya zamani inaishia baiti 3 kwa herufi na emoji nyingi zinahitaji 4. Mteja akiweka emoji ya namna hiyo kwenye maoni, ujumbe wake unakataliwa au unakatwa hapo hapo.

Sasa lugha. PHP inaendeshwa na karibu kila huduma ya kuhifadhi tovuti, hata ya bei ya chini: unapakia faili na kazi inaanza. Python pamoja na Django (mkusanyiko wa zana za kujengea tovuti) inakupa kurasa za usimamizi zikiwa tayari, na hilo huokoa kazi nyingi, lakini inahitaji seva ambayo programu itaachwa ikiendelea kufanya kazi. Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, nayo inahitaji seva ya namna hiyo. Zote tatu zinaweza kubeba biashara yako, kwa hiyo angalia zaidi kama utampata mtu mwingine wa kuitunza tovuti endapo aliyeiandika ataondoka. Angalia pia toleo: PHP 7.4, kwa mfano, iliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2022, na bado kuna tovuti zinazoitumia.

Kwa lugha yoyote ile, asikubaliwe mtu anayeunganisha maandishi ya mteja moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata. Alichoandika mteja kipitishwe kando ya amri, kama vigezo (parameters). Vinginevyo mtu ataandika amri yake kwenye kisanduku cha kutafutia na kuchota taarifa zote. Nenosiri nalo lisihifadhiwe lilivyo.

Kabla ya kutupigia, orodhesha kila kitu ambacho tovuti itakumbuka, nani ataruhusiwa kukibadilisha, na watu wangapi huenda wakaandika kwa wakati mmoja. Utuulize pia nakala rudufu zitawekwa kwenye mashine ipi, na lini zitajaribiwa kurejeshwa.