Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoumaliza, kamati yenu ilielekeza mafunzo yake kwenye usalama wa dawa za saratani za jamii ya haradali ya nitrojeni, hasa saiklofosfamaidi, ifosfamaidi na melfalani, ambazo wafamasia na wauguzi wa chama chetu huzishika karibu kila siku.

Dawa hizi zina nasaba na gesi ya haradali iliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1942, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walishiriki katika jaribio la kumtibu mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, kwa haradali ya nitrojeni. Uvimbe ulinywea upesi, kisha ukarudi, na kwa sababu ya siri za vita matokeo hayakuchapishwa hadi 1946. Nguvu iliyoonekana wakati ule ndiyo tunayoitumia hata leo: dawa hujishikiza kwenye vinasaba vya seli na kuzifunga pamoja nyuzi zake mbili, hata seli ikashindwa kujigawa na kufa. Kwa kuwa haichagui seli, uboho, ulio ndani ya mifupa na hutengeneza chembe za damu, nao huumia, na ndiyo maana hesabu ya chembe za damu hupimwa kabla ya kila mzunguko wa tiba.

Muda mwingi tuliutumia kwenye kibofu cha mkojo. Saiklofosfamaidi huanza kufanya kazi baada ya kubadilishwa na ini, na katika mabadiliko hayo huzaliwa akrolini, kemikali yenye sumu ambayo hutoka na mkojo na kuunguza utando wa kibofu hadi mgonjwa akakojoa damu. Maji ya kutosha hupunguza hatari hiyo. Anayepewa ifosfamaidi, ambayo nayo huzaa akrolini, lazima apewe pia dawa ya kinga iitwayo mesna, ambayo huizima akrolini humo humo kibofuni. Kwa maoni yangu, agizo la maji ndilo linalopuuzwa kwa wepesi kuliko yote, pengine kwa sababu halionekani kuwa dawa.

Kuhusu sisi wenyewe, kamati inasisitiza glavu na joho la kinga hata wakati wa kumwaga mkojo wa mgonjwa, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka humo.

Jambo moja bado halijakamilika. Dawa hizi zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya dozi ya kwanza, wakati bado inawezekana kuhifadhi mbegu au mayai. Kamati inapendekeza mazungumzo hayo yaingizwe kwenye fomu ya ridhaa, na inaomba mkutano huu uidhinishe pendekezo hilo.